Kila kiumbe na ukurasa wake: mradi upi unastahili saa yako?

Mwaka 1991, katika kambi moja ndani ya misitu ya Udzungwa, watafiti wa ndege kutoka Denmark waliona miguu miwili ya ndege ndani ya sufuria ya kupikia. Haikuwa ya kuku wala ya kanga. Wakaifuatilia, wakampata ndege mwenyewe msituni, na mwaka 1994 kwale yule akaandikwa rasmi kwa jina la Xenoperdix udzungwensis. Jamaa zake wa karibu wanaishi Asia, mbali kabisa na Morogoro na Iringa. Waliompika walikuwa wanamjua. Ni sayansi iliyokuwa haijamjua.

Kila ninaposikia watu wakibishana kama inawezekana kuwa na ensaiklopidia ya mtandaoni yenye ukurasa wa kila kiumbe hai duniani, nairudia sufuria ile. Wabishi wengi huanza na kompyuta: nafasi ya kuhifadhi, kasi ya intaneti, programu za kutafsiri. Hayo yote yamekwisha kutatuliwa. Kilichobaki ni watu wawili kukutana, yule anayemjua ndege kwa kumla na yule anayejua kumtofautisha na ndege wengine wote walioko makumbusho. Wasipokutana, hakuna cha kuandika kwenye ukurasa.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia Morogoro, na wakati wa likizo hukaa na vijana wanaojifunza kuongoza watalii. Kila mwaka wananiuliza, "Mwalimu, tuingie tovuti gani?" Swali hilo lina maana mbili: tusome wapi, na tuchangie wapi. Majibu yake si mamoja, ndiyo maana nimekaa nikailinganisha miradi mikubwa ninayoitumia. Anayetaka jibu la haraka aruke hadi mwisho, ila naomba apitie hesabu kwanza, maana hesabu ndiyo iliyonibadilisha mawazo.

Hesabu ya ndoto

Ndoto yenyewe ina umri. Mwaka 2000 hivi kundi la watu wa San Francisco, miongoni mwao Kevin Kelly na Stewart Brand, lilianzisha taasisi iliyolenga kuorodhesha viumbe vyote ndani ya miaka 25. Fedha zilikauka mapema na haikudumu. Mwaka 2003 Edward O. Wilson, bingwa wa sisimizi wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika makala akipendekeza kila spishi, yaani kila aina ya kiumbe, iwe na ukurasa wake wa kielektroniki, huru kwa kila mtu. Mwaka 2007 aliomba hadharani wazo hilo litekelezwe, wafadhili wakajitokeza, na Februari 2008 Encyclopedia of Life ikafunguliwa ikiwa na kurasa kama 30,000. Lengo lilikuwa spishi milioni 1.8 katika miaka 10.

Tuipige hesabu hiyo. Ukurasa mzuri una jina, umbo, makazi, chakula, uzazi, hatari zinazomkabili kiumbe, na picha. Tuseme ni kazi ya siku nzima kwa mtu anayekijua kiumbe chenyewe. Basi tunahitaji siku milioni 1.8 za kazi. Mtu akifanya kazi siku 220 kwa mwaka, watu 820 hivi wangemaliza kwa miaka 10. Watu 820 si wengi. Kwa hiyo anayesema haiwezekani kwa sababu kazi ni kubwa mno, hajahesabu.

Lakini weka pembeni hesabu nyingine, ya hapa kwetu. Flora of Tropical East Africa, kazi iliyoongozwa na bustani ya Kew huko London, ilikusudia kueleza mimea yote inayoota porini Kenya, Tanzania na Uganda. Sehemu ya kwanza ilichapishwa 1952, ya mwisho 2012, na spishi zilizoelezwa ni 12,104. Hiyo ni wastani wa spishi 200 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, spishi milioni 2 zingetuchukua miaka 10,000.

Tofauti ya hesabu hizi mbili haitokani na uvivu wa watu wa Kew. Ile ya kwanza inachukulia kwamba maarifa yapo na yanasubiri kunakiliwa. Hii ya pili ni ya watu waliokuwa wakiyatafuta maarifa yenyewe. Walikuwa wakifungua kabati za sampuli, wakilinganisha jani kwa jani, wakigundua kwamba majina matatu ni mmea mmoja, au kwamba jina moja limeficha mimea mitatu, na njiani wakatoa mamia ya spishi mpya. Anayekijua kiumbe kimoja vizuri kiasi cha kukiandikia ukurasa kwa siku moja, nyuma yake kuna miaka ya kazi ya namna hiyo. Na hajui kila kitu: bingwa wa nyigu hawezi kukuandikia kuvu.

Kisha kuna wasio na jina kabisa. Utafiti mmoja mashuhuri wa mwaka 2011 ulikadiria kwamba dunia ina spishi zipatazo milioni 8.7, bila kuhesabu bakteria na wenzao. Waliokwisha kupewa majina ni kama milioni 2, na kila mwaka wanaongezwa takriban 18,000. Waliobaki, kwa kasi hiyo, wanahitaji zaidi ya miaka 350. Kwa hiyo ninapolinganisha miradi hii nina maswali mawili: inawasaidiaje wanaotafuta habari za viumbe vyenye majina, na inawaharakishaje wale wanaovipa majina ambavyo bado havina?

Encyclopedia of Life na Wikipedia

Nimeziweka pamoja kwa sababu zinafanana kwa nje: unaandika jina, unapata ukurasa. Ndani ni nyumba mbili tofauti.

Encyclopedia of Life haiandiki sana yenyewe. Inakusanya kutoka kwa washirika kama makumbusho, kanzidata za makundi maalumu na maktaba za zamani zilizopigwa picha, kisha inavipanga chini ya jina moja na kuonyesha kila kipande kimetoka wapi. Nguvu yake ni hiyo. Ukitaka kujua uzito wa mnyama au chakula chake, unapata takwimu pamoja na chanzo, na mwanafunzi anaweza kuinukuu bila wasiwasi. Udhaifu wake unatokana na jambo lilelile. Pale ambapo hakuna mshirika aliyewahi kukusanya, ukurasa una jina, ukoo, na pengine ramani yenye nukta mbili. Tafuta simba, utasoma hadi uchoke. Tafuta mbawakawa wa msitu wa Uluguru, na wengi wao utawakuta na jina tupu.

Wikipedia inaandikwa na yeyote mwenye chanzo cha kuaminika. Kwa kiumbe ambacho habari zake zinabadilika, hapa ndipo pazuri. Mfano wangu ni kipunji. Wanyakyusa walikuwa na jina lake, na wawindaji walimweleza, ila watafiti hawakuwa na uhakika kama ni mnyama wa kweli au wa hadithi. Timu moja ilimthibitisha katika misitu ya Rungwe, na timu nyingine ikamkuta Ndundulu, huko Udzungwa, bila kushauriana. Mwaka 2005 akatangazwa kwa kutumia picha, akawekwa katika jenasi (kundi la spishi zenye udugu wa karibu) ya Lophocebus. Mwaka huohuo kipunji mmoja akafa katika mtego wa mkulima. Vinasaba vyake vikapimwa, na mwaka 2006 akahamishiwa jenasi mpya, Rungwecebus, ya kwanza kwa nyani na kima wa Afrika tangu 1923. Jina likibadilika namna hiyo, Wikipedia inaweza kurekebishwa jioni ileile na mtu aliyeko Tukuyu mwenye simu. Mradi unaotegemea washirika husubiri mshirika naye arekebishe kwake.

Tatizo la Wikipedia ni kwamba watu huandika wanachokipenda. Mamalia na ndege wamejaa, minyoo imesahauliwa. Kuna waliojaribu kuliziba pengo hilo kwa mashine. Programu iitwayo Lsjbot, ya Msweden Sverker Johansson, ilizalisha makala za viumbe kwa mamilioni katika Kiswidi na Kisebuano, lugha ya Ufilipino, ikichota majina kutoka kwenye orodha kubwa za spishi. Kwa maana ya herufi tu, huo ni ushahidi kwamba kila spishi yenye jina inaweza kupewa ukurasa. Lakini ukiufungua unakuta mistari michache inayosema kiumbe fulani ni wa ukoo fulani na kilielezwa na fulani mwaka fulani. Nimeulizwa kwa nini tusifanye hivyo kwa Kiswahili. Nasema wazi: sitaki. Mtoto wa darasa la sita akifungua kurasa kumi za namna hiyo mfululizo, hatafungua ya kumi na moja.

Katika Wikipedia ya Kiswahili nimekuta makala nyingi za ndege na wadudu zilizoandikwa kwa mkono, kwa subira kubwa, na ndizo ninazowaonyesha wanafunzi. Ukitaka kuongeza yako, nakuomba jambo moja. Jina la Kiswahili uliloliweka, eleza linatumika wapi. Samaki anayeitwa tafi sehemu moja ya pwani huitwa tasi sehemu nyingine, na changu ni jina la samaki wa spishi kadhaa, si wa spishi moja. Jina lililobuniwa na mwandishi lisivae sura ya jina la wavuvi.

Kuna pia Wikispecies, ndugu yake Wikipedia, iliyoanza 2004. Hiyo ni ya ngazi za uainishaji na marejeo tu, haina maelezo ya maisha ya kiumbe. Kwa msomaji wa kawaida, ipite.

Catalogue of Life

Hii haikuahidi ensaiklopidia. Tangu 2001 imeahidi orodha: jina linalokubalika, majina ya zamani yaliyoachwa, na mahali pa kiumbe katika ukoo wake. Sasa ina spishi zaidi ya milioni 2. Ukiandika Lophocebus kipunji, kazi yake ni kukupeleka kwenye Rungwecebus kipunji. Picha usitafute.

Watu huipuuza kwa sababu haina mvuto wa kutazama, lakini miradi mingine inaiegemea. Encyclopedia of Life ilianza kwa kutumia orodha hii kama uti wa mgongo. Ukiandika ripoti, tasnifu au bango la hifadhi, hakiki hapa majina uliyoyatumia kabla hujachapisha. Ni kazi ya dakika mbili kwa kila jina.

FishBase: mfano wa kuchagua kitu kimoja

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Daniel Pauly na Rainer Froese, wakiwa katika kituo cha utafiti wa samaki huko Ufilipino, walianza kukusanya habari za samaki peke yao. Hawakugusa ndege wala mimea. Mwaka 1995 zikatoka kwenye sidii, na 1996 zikawa mtandaoni. Leo FishBase ina spishi zaidi ya 35,000, na kwa samaki wengi unapata urefu, kina wanakoishi, chakula, na majina ya kienyeji kwa mamia ya lugha, Kiswahili kikiwemo.

Kwa wavuvi, maofisa uvuvi na wanafunzi wa ziwa na bahari, hakuna kinachoikaribia. Nikilinganisha na ensaiklopidia ya vyote, naona waziwazi kwamba mpaka uliowekwa mapema ndio uliowafikisha. Watu wanaojuana, wanaosoma majarida yaleyale, wakabishana kuhusu kundi moja hadi likakamilika kadiri ya uwezo wao.

Hata hivyo FishBase nayo ina ukuta, na ukuta huo nauona vizuri nikifikiria furu wa Ziwa Viktoria. Hao ni samaki wadogo wa jamii ya sato, takriban spishi 500. Sangara, aliyepandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, aliongezeka mno miaka ya 1980, na furu wakapukutika. Watafiti waliokuwa Mwanza walikuwa wakiwavua na kuwapa majina ya muda, ili angalau wajue wanamzungumzia nani, kabla ya mtu kupata nafasi ya kuwaeleza rasmi. Wengine walitoweka wakiwa na majina hayo ya muda. Spishi ambayo haijaelezwa rasmi haina mlango wa kuingilia katika orodha yoyote kati ya hizi. Hilo linaniumiza kila nikilifundisha, kwa sababu wapo wazee wa Mwanza waliowala furu hao na wanakumbuka rangi zao.

iNaturalist na GBIF

Hapa mambo yanageuka. Badala ya kuanza na jina na kulitafutia habari, unaanza na kiumbe kilicho mbele yako na kukitafutia jina.

iNaturalist ilianza 2008 kama kazi ya wanafunzi watatu wa shahada ya uzamili huko Berkeley. Unapiga picha au kurekodi sauti, unaweka tarehe na mahali, programu inapendekeza jina, na watu wengine wanakubali au wanapinga. Zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wakikubaliana kuhusu spishi, rekodi inapanda daraja la utafiti, yaani inahesabika kuwa ya kutegemewa na watafiti. Hapo, kama leseni uliyochagua inaruhusu, inatumwa GBIF, mfumo wa kimataifa wenye makao makuu Copenhagen, uliokusanya rekodi zaidi ya bilioni 2 kutoka makumbusho, vyuo na wananchi. Mtafiti wa Dodoma na mtafiti wa Brazili wote wanapakua bure.

Mwaka juzi kijana mmoja katika kundi langu alipiga picha ya chura mdogo kwenye jani, karibu na maporomoko. Programu ikampa jina la chura wa Afrika Magharibi. Sisi wote tukaamini. Siku nne baadaye mtu tusiyemjua akaandika kwamba hapana, tazameni vidole, huyo ni wa kundi lingine, na tafadhali mkirudi pigeni picha ya tumbo. Kijana akarudi wiki iliyofuata. Yaani kijana wa Kidatu na bingwa wa vyura walikutana kwenye jani moja bila nauli. Ensaiklopidia iliyokwisha kuandikwa haiwezi kuwakutanisha hivyo.

Sasa kasoro zake, maana zipo na ni nzito. Picha haitoshi kwa viumbe vingi. Nyigu wadogo, minyoo na kuvu huhitaji hadubini au vinasaba. Mabingwa wa wadudu wa Afrika ni wachache, hivyo rekodi inaweza kukaa miezi bila kuguswa. Nukta kwenye ramani zimejaa kando ya barabara na ndani ya hifadhi za utalii, na kwa dunia nzima Ulaya na Marekani ya Kaskazini zimeizidi Afrika kwa mbali. Kwenye GBIF ndege wamewafunika wengine wote. Ramani tupu isikudanganye kwamba mnyama hayupo. Huenda hakuna aliyepita na simu yenye chaji.

La usalama nalisisitiza kwa kila kundi. Vinyonga wa Usambara wana wanunuzi nje ya nchi. Programu huficha mahali halisi kwa spishi nyingi zilizoorodheshwa kuwa hatarini, lakini si kwa zote, kwa hiyo ficha mwenyewe kabla hujapakia. Ni kitufe kimoja tu.

Basi uchague ipi

Kama unataka kusoma tu, anza na Wikipedia kwa picha ya jumla, kisha hakiki takwimu Encyclopedia of Life, na kwa samaki nenda FishBase moja kwa moja. Kama unaandika kitu kitakachochapishwa, majina yote yapite Catalogue of Life. Kama unataka kujua nini kimewahi kuonekana katika wilaya yako, fungua GBIF na uchore mpaka kwenye ramani. Kwa mwalimu hilo ni somo zima la vipindi viwili.

Kama una saa moja kwa wiki ya kuchangia, na umekaa karibu na msitu, mto, matumbawe au hata bustani ya shule, ipeleke iNaturalist. Sababu yangu ni ileile ya hesabu ya juu. Kurasa zinaweza kuandikwa hata miaka 20 ijayo na mtu aliyekaa popote penye meza. Picha ya kiumbe katika msitu ambao mwakani utakuwa shamba inapigwa leo au haipigwi. Unaweza pia kuongeza humohumo jina linalotumika kwenu, na hilo peke yake ni mchango ambao mtu wa Copenhagen hawezi kuutoa.

Kama hukai karibu na viumbe ila una lugha, mathalani Mswahili aliyeko Muscat, Toronto au London mwenye maktaba jirani, saa yako iende Wikipedia ya Kiswahili. Chagua kundi dogo ulimalize, wawe popo wa Tanzania au mikoko ya pwani. Usirukeruke.

Na kwa mwanafunzi anayefikiria shahada: uainishaji ndio unaokosa watu. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 katika eneo la hekta chache tu zilizolowa mvuke wa maporomoko, akaelezwa rasmi miaka michache baadaye, wakati huohuo bwawa la umeme likianza kuyachukua maji yale. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini, na tangu 2012 watoto wa wale waliohamishwa wamekuwa wakirudishwa bondeni. Aliyeketi kuhesabu vidole vyake na kumpa jina alimaliza kazi maji yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kupungua.